Kabla ya Oxford, Mvumi

Upepo wa Dodoma haujatulia tangu asubuhi, na vumbi limeingia hadi kwenye daftari ninalopangia safari. Mwezi ujao nakwenda London kwa mafunzo ya wiki mbili ya utunzaji wa kumbukumbu. Katika siku zote hizo nina Jumamosi moja tu ambayo ni yangu. Wenzangu wa masjala wananishauri niende madukani. Mimi nimeshaamua: nitapanda basi pale Victoria mapema, niende Oxford, kwenye makumbusho ya chuo kikuu yanayoitwa Pitt Rivers.

Kuingia ni bure, na kwa anayeishi kwa posho hilo ni jambo kubwa. Jumamosi hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Ili uyafikie unapita kwanza ndani ya makumbusho mengine ya chuo hichohicho, ya viumbe, kwenye jengo la mwaka 1860 lenye paa la vioo. Humo mna kichwa cha dodo, ndege wa Mauritius aliyetoweka zaidi ya miaka 300 iliyopita. Mpwa wangu alidhani nazungumzia embe. Nilipomweleza akanyamaza kwa muda, kisha akauliza nani aliwamaliza.

Ninachokifuata hasa kiko nyuma ya hapo. Pitt Rivers ilianzishwa mwaka 1884 kwa mkusanyo wa jenerali mmoja wa Kiingereza. Leo ina vitu zaidi ya 500,000. Havikupangwa kwa nchi wala kabila, bali kwa kazi: vikapu na vikapu, ala za muziki na ala za muziki. Napenda mpangilio huo. Kama ilimba yetu ya Kigogo, ala ya vyuma vyembamba juu ya ubao vinavyopigwa kwa vidole gumba, imo, itakuwa imekaa pamoja na ndugu zake wa Zimbabwe na Kongo.

Ndiyo maana Jumapili nilikwenda Mvumi kwa babu. Salamu yetu ya mbukwenyi, maji ya kunywa, habari za mvua, kisha nikamwomba ilimba yake. Aliitoa ikiwa imefungwa kwenye kanga ya marehemu bibi. Nimeisikia tangu utotoni, lakini sikuwahi kuuliza ule mvumo unaobaki nyuma ya sauti unatoka wapi. Babu akanionyesha tundu kwenye ubao, limezibwa kwa utando mweupe wa buibui. "Huu ukikauka unapasuka, unatafuta mwingine," akasema. "Chuma hakiimbi peke yake."

Tangu hapo nawaza: utando gani unaweza kudumu miaka mia moja nyuma ya kioo?

Nawaza pia habari ya Wamaasai. Mwaka 2017 mwanaharakati Mmaasai kutoka Tanzania alitembelea makumbusho hayo, akahoji maelezo yaliyoandikwa kuhusu vitu vya watu wake. Baadaye wazee wa Kimaasai walikwenda wenyewe, na miongoni mwa vilivyokuwapo wakatambua vitano ambavyo havikupaswa kabisa kuwa pale. Kimojawapo ni orkatar, bangili ambayo baba humwachia mwanawe. Mimi nashika majalada kila siku na najua kosa moja kwenye lebo linavyoweza kumpoteza mtu. Lakini bangili ile haikupotea kwa kosa la lebo. Kuna nyumba ilimotoka, na jambo hilo linaniuma.

Kwa hiyo sitaki kwenda mikono mitupu. Daftarini babu ameandika kwa mkono wake mwenyewe, yeye akitaja, mimi nikimwelekezea kalamu: jina la kila chuma kwa Kigogo, mti unaofaa kuchongwa, nani hufundishwa kwanza. Ukurasa wa mwisho nimeuacha wazi kwa ajili ya yale nitakayoyakuta kwenye kabati.

Nilimwomba apige kidogo nirekodi kwenye simu. Alipiga dakika kumi na moja, akasimama mara moja tu kuusogeza utando kwa kidole. Nimeisikiliza tena usiku huu, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya upepo.