Tafakari ya Juma: Wimbo Katika Nchi ya Ugeni

Somo: Zaburi 137:1–4

Wapendwa, Bwana asifiwe.

"Tuuimbeje wimbo wa BWANA katika nchi ya ugeni?" Waliouliza hivyo, Waisraeli waliotekwa na kupelekwa Babeli, walikuwa wameshavitundika vinubi vyao mitini. Juma hili swali lao limenipeleka kwa mwalimu wa kwaya ambaye hakuwa na kinubi cha kutundika, maana chombo chake kilikuwa makoo ya watu: Oleksandr Koshyts wa Ukraine.

Alizaliwa 1875, mtoto wa padri wa Kiorthodoksi. Akasomea teolojia Kyiv, kisha akaenda kwa Wakosaki wa Kuban kukusanya nyimbo za kienyeji. Mwanzoni mwa 1919, jamhuri changa ya Ukraine ikiwa vitani, Symon Petliura, mkuu wa majeshi yake, aliagiza iundwe kwaya ipelekwe Ulaya, ili mataifa yasikie kwamba hawa nao ni watu wenye lugha yao. Wakaimba Praha, Vienna, Paris, London. Wakiwa bado safarini, serikali iliyowatuma ikaanguka. Hebu fikirini: aliyekutuma hayupo tena, na jioni kuna watu wamekata tiketi. Waliimba.

Wimbo uliowapa jina ni Shchedryk, ambao Mykola Leontovych aliutengeneza kutoka wimbo wa kijijini wa mwaka mpya. Mbayuwayu anaingia uani na kumwita mwenye nyumba atoke akawaone wanakondoo waliozaliwa. Noti nne zinazunguka, zinarudi tena na tena, sauti nyingine zikipanda juu yake na kushuka. Hakuna kinanda. Oktoba 1922 uliimbwa Carnegie Hall, New York. Mtunzi hakuwa hai kuipata habari hiyo: Januari 1921 mtu wa polisi wa siri wa Wabolsheviki alimpiga risasi nyumbani kwa baba yake, naye pia padri. Mwaka 1936 Peter Wilhousky akautia maneno ya Kiingereza kuhusu kengele za Krismasi, na ndio huo tunaousikia kila Desemba, mbayuwayu akiwa ameshasahaulika.

Kuna jambo tunalipita haraka katika somo letu. Zaburi ya 137 yenyewe ni wimbo. Waliokataa kuimba walikataa kwa kuimba, ila si kwa kuwafurahisha waliowateka. Hapo Koshyts hafanani nao kabisa, na tusilazimishe: wasikilizaji wake hawakuwa wamemteka, walilipa kiingilio na kupiga makofi. Lakini makofi hayakumrudisha nyumbani. Akabaki Marekani, akaendelea kutunga muziki wa ibada. Mwaka 1941, umri ukiwa umeshamwendea, akaanza kwenda Winnipeg, Kanada, kufundisha vijana wa Kiukraine katika kozi za kiangazi. Mlio ughaibuni mnaijua kazi hiyo: kumfundisha mtoto wimbo wa mahali asipopajua, na kumsahihisha matamshi bila kumkatisha tamaa. Alifia huko huko Winnipeg, Septemba 1944.

Kwa juma hili naomba tusiishie mstari wa nne. Tusome zaburi yote hadi wa tisa, ule mkali wa kutaka kisasi, ambao hakuna kwaya yetu inayouimba. Tuusome tukimkumbuka Leontovych, kisha tukae kimya kidogo kabla ya kuomba.