Dirisha la wazee lipo, dawa nje

Jana nilimpeleka bibi kliniki ya presha hapa Moshi mjini. Dirishani kuna bango la kuwapisha wazee wahudumiwe kwanza, na kweli alipishwa. Kumwona daktari hakulipa kitu, maana Sera ya Afya ya 2007 inawasamehe wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Hapo sina neno.

Kasheshe ikaanzia kwenye karatasi ya dawa. Mbili kati ya tatu zimezungushiwa kalamu nyekundu. "Hizi mkanunue nje." Duka liko ng'ambo ya barabara tu, na dawa zimejaa tele, jamani! Bibi akafungua fundo la kanga, akahesabu noti mara mbili: "Mjukuu wangu, nauli ya Kibosho itabaki?"

Msamaha wa dirishani haufiki dukani, wala konda wa Hiace haujui. Bunge limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tangu 2023, sawa, lakini mimi nitaanza kushangilia siku dawa zitakapokuwa kwenye shelfu.

Wenye wazee Kibosho, Uru na Old Moshi, dawa za presha mnapata wapi kwa bei ya afadhali?