Shoga yangu aliponikata ghafla

Miaka sita tulikuwa mashoga wa kununua doti moja tukagawana, yeye kipande, mimi kipande. Ngamiani, hapa Tanga, walituzoea hivyo. Jumatano moja naamka, nakuta nimetolewa kwenye kundi la harusi ya mdogo wake, namba yangu kaibloku, na sare zimeshagawiwa. Ugomvi hakuna. Juzi yake tu tulikuwa Raskazone tunakula mihogo.

Nikamfuata, kosa langu kubwa. Nilipanda baiskeli mpaka kwao, nikaomba radhi kwa jambo nisilolijua. Akanitazama kama niliyepotea nyumba. "Wewe mwenyewe unajijua," akasema, akaingia ndani. Hilo neno lilininyima usingizi wiki mbili nzima. Nikawa nasoma meseji zetu za tangu mwaka jana, natafuta nilipokosea.

Aliyenizindua ni mama mdogo, muuguzi mstaafu. "Mama'ko alipolazwa hospitali ya Bombo, shoga'ko alikuja?" Hakuja. Alipiga simu kulalamika kuwa simjali siku hizi. Na nilipopata kazi akasema wamenionea huruma. Nikamuuliza mama mdogo kama huo ndio unarsisi (narcissism) wanaouzungumzia watu, maradhi ya kujiabudu. Akanikata kauli: hayo yanapimwa na mtaalamu, dalili ni 9, zisipofika 5 hayaitwi hivyo, na ziwe tabia za miaka, si za wiki moja. "Usimpime mtu kwa hasira, mwanangu. Aliyokutenda unayajua, yanatosha."

Nikaacha kutafuta sababu. Nikanunua daftari, na kila nikimkumbuka naandika jambo moja alilonifanyia, bila kupamba. Maana kumbukumbu ina hila: inakuletea kicheko na mihogo, matusi inayaficha. Nikayaona yamepangana. Wiki tamu, wiki mbili chungu, kisha tamu tena kidogo, na mimi nishazoea kuisubiri ile tamu.

Kilichonitia homa zaidi ni mchezo wetu wa kuchangishana pesa kwa zamu. Tulikuwa watu kumi, elfu hamsini kila mwezi, na kijumbe, mkusanyaji wa pesa, ni yeye. Zamu yake ilishapita, yangu ilikuwa ya tisa. Ningejitoa ningepoteza, na kumpelekea pesa mkononi sikuweza. Nikamwomba mwenzetu mmoja anipelekee, na kila mwezi anaandika mbele ya wengine kuwa nimetoa. Zamu yangu ilipofika, pesa nililetewa na huyohuyo, kamili.

Mwezi wa tano ikaingia meseji kwa namba ngeni: "Shoga, nimekukumbuka mno. Hivi una laki mbili hapo?" Nilicheka, lakini mikono ikitetemeka. Vidole vilishaandika "Wa'alaykum salaam" kabla sijakumbuka kuwa hata salamu hakutoa. Nikafuta, simu nikaiacha kwa mama mdogo mpaka asubuhi.

Tanga mji mdogo. Nikiiona baiskeli yake nje ya duka, bado napitia barabara ya pili.