Kwa Nini Nimemsihi Binti wa Kaka Yangu Asiiache Fizikia

Binti wa kaka yangu alikuja kwetu Tudor, Mombasa, akiwa na orodha ya masomo anayotakiwa kuchagua kabla ya kuingia sekondari pevu. Aliamkia, akaketi, akaifungua karatasi yake juu ya meza na kuniambia bila kuzunguka: "Ami, mimi nataka kuwa daktari wa watoto. Biolojia naielewa ni ya nini, Kemia pia naielewa. Fizikia ya nini?" Katika mkondo wa STEM, yaani wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, mwanafunzi huchagua masomo matatu, na aliyekwisha kuchukua Biolojia na Kemia anaweza kulijaza pengo la tatu kwa Fizikia au kwa somo jingine kama vile Jiografia au Kilimo. Wenzake kadhaa wameamua kuikwepa Fizikia kwa sababu wanasikia kwamba ni ngumu, na yeye alikuwa karibu kuwafuata.

Swali lake lilinigusa kwa kuwa nililiuliza mwenyewe nilipokuwa kidato cha pili, na nikalijibu vibaya. Chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 wa Kenya niliiacha Fizikia nilipoingia kidato cha tatu, na kwa kuwa chuo kikuu kilihitaji Hisabati au Fizikia miongoni mwa masomo ya kujiunga na udaktari, alama yangu ya Hisabati ilinivusha. Hakuna aliyeniuliza kuhusu Fizikia tena. Nilichokikosa nilikuja kukiona miaka mingi baadaye, usiku mmoja katika wodi ya kina mama, nikiwa daktari mwanagenzi.

Mama mmoja alikuwa akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Alikuwa na kanula (kijirija cha kupitishia maji mshipani) moja tu mkononi, ile nyembamba ya rangi ya buluu, na mimi nilichokifanya ni kuupandisha mfuko wa maji juu kabisa ya nguzo yake na kuubana kwa mikono yangu miwili, nikiamini kwamba nguvu zaidi zitaleta maji zaidi. Matone yalizidi kidogo tu. Mkunga wa zamu, mama mtu mzima aliyefanya kazi hiyo tangu mimi nikiwa shule ya msingi, alinisogeza kando kwa upole, akaingiza kanula mbili nene za rangi ya kijivu, moja kila mkono, na maji yakaanza kuingia kwa mkondo tuliouona kwa macho. Mama yule alipona. Nilipomwuliza mkunga sababu, alisema ndivyo alivyofundishwa, na kwamba nene siku zote hushinda.

Sababu yenyewe niliipata katika kitabu cha Fizikia nilichokiazima wiki hiyohiyo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, daktari mmoja Mfaransa aliyeitwa Jean Léonard Marie Poiseuille, akitafuta kuelewa jinsi damu inavyopita katika mishipa midogo, alipima maji yanavyopita katika mirija myembamba ya kioo. Aligundua kwamba, mradi mtiririko uwe mtulivu, ukilizidisha shinikizo mara mbili unapata maji mara mbili, lakini ukiuzidisha upana wa mrija mara mbili unapata maji mara 16, kwa kuwa kiasi kinachopita hufuata kipeo cha nne cha upana huo, na 2 × 2 × 2 × 2 ni 16. Urefu wa mrija nao hupunguza mtiririko, na ndiyo maana kanula fupi na nene hufaa kuliko ndefu na nyembamba mgonjwa anapopoteza damu. Kwa hiyo nilipokuwa nikiubana mfuko nilikuwa nikishindana na kipeo cha nne kwa nguvu za vidole.

Nilimwambia binti yetu kwamba kanuni hiyohiyo itamngojea katika wodi ya watoto anayoitamani. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ina upana wa milimita 4 hivi. Ikivimba kwa milimita 1 tu pande zote, hubaki na upana wa milimita 2, na ukinzani dhidi ya hewa huongezeka angalau mara 16, ilhali uvimbe kama huo katika koo la mtu mzima huenda ukamletea sauti ya kukwaruza tu. Daktari anayeelewa jambo hilo hahitaji kusubiri mtoto achoke kupumua ndipo aanze kuhangaika.

Kuna kifaa kingine ambacho, kwa maoni yangu, chatosha peke yake kuwa sababu ya kusoma Fizikia, nacho ni oksimita, kile kibanio kinachovikwa kidoleni ili kionyeshe kiwango cha oksijeni katika damu. Wazo lake lilitolewa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Upande mmoja wa kibanio hutoa nuru ya aina mbili, nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi, na nyingine isiyoonekana kwa macho yenye nanomita 940 hivi, na upande wa pili hupokea nuru inayosalia baada ya kupenya kidole. Himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa imeibeba hufyonza nuru hizo kwa kadiri tofauti na himoglobini isiyobeba, na mashine, kwa kulinganisha nuru zilizopita katika kila pigo la moyo, hukokotoa asilimia. Mashine haiioni oksijeni. Inaiona nuru tu, na kila kinachoizuia au kuibadilisha nuru huweza kuipotosha.

Sisi wa Mombasa tuna sababu ya pekee ya kulizingatia hilo. Bibi harusi, pamoja na wanawake waliotoka harusini, hufika hospitalini wakiwa wamepakwa hina na piko hadi kwenye kucha, na rangi nyeusi ya piko inaweza kuifyonza nuru ile kabla haijaifikia damu. Mashine huweza kukataa kusoma, au ikatoa nambari ya chini inayomtisha daktari. Anayejua jinsi inavyofanya kazi hukihamishia kibanio kwenye kidole kisichopakwa, au hutumia kifaa cha kubana ndewe la sikio, kisha humtazama mgonjwa mwenyewe.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili, pale mashine inapoonyesha kwamba mambo ni mazuri. Msimu wa masika watu hufunga madirisha kwa sababu ya mvua na kuliingiza jiko la makaa ndani ya chumba. Moshi wa makaa hauonekani sana, lakini una monoksidi ya kaboni, ambayo huing'ang'ania himoglobini na kuizuia kubeba oksijeni. Himoglobini iliyoshikwa na gesi hiyo huifyonza nuru nyekundu karibu sawasawa na ile iliyobeba oksijeni, kwa hiyo oksimita ya kawaida huzihesabu zote mbili kuwa kitu kimoja na kuandika 98 au 99, huku mgonjwa akiumwa na kichwa, akitapika na kupoteza fahamu. Daktari aliyekariri kwamba nambari ya juu ni salama atamrudisha mtu huyo nyumbani kwenye jiko lilelile. Hili hunitia hofu hadi leo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa daktari wa namna hiyo kwa muda, na sijui ni mara ngapi niliiamini nambari nisiyoielewa.

Joto letu la pwani nalo lina somo lake. Hamali anayesukuma mkokoteni kutoka soko la Marikiti saa sita mchana hutiririkwa na jasho, na wengi hudhani kwamba jasho jingi ni dalili ya mwili kupoa. Jasho halipozi kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka juu ya ngozi. Lita 1 ya jasho ikigeuka yote kuwa mvuke huondoka na takriban jouli milioni 2.4 za joto, ambalo mwili uliotulia huchukua zaidi ya saa 6 kulizalisha. Hewa ikiwa imekwisha kujaa unyevu, jasho hudondoka chini likiwa maji, na mwili hupoteza maji na chumvi bila kupata poa yoyote. Ndiyo maana mtu aliyezidiwa na joto huloweshwa maji na kupepewa kwa wakati mmoja, kwani feni huiondoa hewa yenye unyevu iliyoizunguka ngozi na kuleta nyingine.

Kuhusu eksirei sitasema mengi, maana kila mtu anakubali kwamba ni Fizikia. Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895 akiwa mwanafizikia, si daktari. Nitaongeza tu kwamba anayesimama mita 2 kutoka kwenye chanzo cha mionzi hupata robo ya kile anachopata aliye mita 1, na kwamba nimewaona wenzangu wakimshikilia mtoto apigwe picha bila kujua kwamba hatua moja ya kurudi nyuma ina thamani kiasi hicho.

Wapo madaktari wazuri wanaosema kwamba hawajawahi kuandika mlinganyo hata mmoja wodini, na wanasema kweli. Hakuna anayekokotoa kipeo cha nne mama akitokwa na damu. Lakini mkono huchagua kanula kwa haraka kwa sababu akili ilikwisha kukubali jambo hilo zamani, na kulikubali kwa kulielewa kunadumu kuliko kulikariri. Pia nakiri kwamba wanafunzi wengi hawaikimbii Fizikia bure. Wanafundishwa milinganyo kabla ya kuonyeshwa vitu vyenyewe, na wasichana bado huambiwa na watu wazima, wengine wao walimu, kwamba hilo ni somo la wavulana. Mimi niliambiwa na mwalimu wangu kwamba daktari ahitaji moyo wa huruma na wala si mambo ya nguvu na mwendo, nami nikamwamini. Kosa hilo sitaki lirudiwe katika nyumba yetu.

Basi sikumhubiria sana binti yetu. Nilichukua mashine yangu ya kupimia presha, tukaenda barazani alikokuwa ameketi nyanyake, nikamweleza kwamba damu ina uzito kama kimiminika chochote, na kwamba kila sentimita 10 mkanda unapokuwa juu ya usawa wa moyo, kipimo hushuka kwa karibu milimita 8 za zebaki. Tulimpima nyanya mkono ukiwa sawa na moyo, tukapata 146 kwa nambari ya juu. Kisha tukauegemeza mkono juu ya mito hadi mkanda ukawa kiasi cha sentimita 20 juu zaidi, tukangoja kidogo, tukapima tena, tukapata 133. Binti aliziandika nambari zote mbili nyuma ya orodha yake ya masomo, akaitoa ndogo katika kubwa, akanyamaza kwa muda.

"Ulisema zipungue 16, ami," akasema. "Zimepungua 13. Zile tatu zimekwenda wapi?"

Nyanya akaunyoosha mkono wake tena bila kuambiwa, nasi tukampima mara ya tatu.