Laki moja ya kusoma makala moja

Juzi usiku baridi ya Mbeya imekaza, nimejifunika blanketi mbili, simu inaita, mdogo wangu anayesoma sheria Iringa. Shikamoo kaka. Nikajua tu hapo ni hela. Marahaba, haya sema. Eti anaomba laki moja anunue makala. Sio kitabu jamani, makala, vikurasa ishirini na kitu vya pidiefu. Nikamwambia we mtoto upo mwaka wa nne bado unatumia uongo wa festi iya?

Akanitumia skrinishoti. Kweli bana, jarida la huko Ulaya linataka dola 40 ndo likufungulie. Kilichoniuma sasa, makala yenyewe inahusu kesi ya Mchungaji Mtikila! Mtikila yule mwanasiasa, mtu wa Ludewa, hapo tu, alitaka mgombea binafsi aruhusiwe, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikampa ushindi Juni 2013, halafu mtoto wa Iringa alipe laki kusoma mzungu anasemaje kuhusu hilo. Hapana aisee.

Nikamuuliza, hukumu yenyewe umesoma? Kimya. Nikarudia. "Kaka mimi nilitaka uchambuzi kwanza." Ndo tatizo lao hilo, wanakimbilia aliyesimuliwa wakati hukumu ipo bure kwenye tovuti ya mahakama, unadanlodi sekunde mbili hata kwa bando la usiku.

Na kama ni uchambuzi, nikamwelekeza jarida la haki za binadamu la Afrika linalotoka Chuo Kikuu cha Pretoria, lipo tangu 2001, linatoka mara mbili kwa mwaka, na halidai hata senti, unafungua unasoma. Kesi za Arusha mle zimejaa. Ila nikamwambia angalia mwaka wa makala, maana ukikuta ya 2014 itakwambia Mtanzania anaweza kwenda mwenyewe Arusha kuishtaki serikali, wakati Novemba 2019 nchi ilijitoa kwenye lile tamko la kifungu cha 34(6) cha itifaki ya mahakama hiyo, ndilo lililokuwa linaruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Ukinakili bila kuangalia msimamizi anakuchinja mchana kweupe.

Kumbe hata hayo si yote, kuna jarida lingine lilimwandikia imeili likamwita Profesa (huyu ambaye hata kofia ya mahafali hajavaa), alete chapisho lake na dola 100, litatoka ndani ya siku tatu. Siku tatu! Makala ya maana inapelekwa kwa wasomi wengine waipekue, inarudishwa, unarekebisha, miezi inakatika. Hao wanaokuita Profesa wanataka dola tu. Nikamwambia futa.

Asubuhi kapiga tena. Hukumu kaipata ila macho yanamuuma kusomea kwenye simu, naomba elfu saba ya kuprinti steshenari. Hiyo nimetuma.