Jibu la sentimita 6

Jibu nililoliandika katika jaribio langu la kwanza la umemetuli, yaani umeme wa chaji zilizotulia, lilikuwa sentimita 6, na mhadhiri alilikata kwa kalamu nyekundu bila kuongeza neno lolote. Kilichoniuma ni kwamba sikuona kosa. Nilirudi na karatasi ile chumbani kwetu Ngara, Nairobi, nikaikokotoa hesabu upya mara tatu nikiwa nimeketi kitandani, na mara zote tatu ikatoka 6 ileile.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Chaji mbili, moja chanya ya maikrokulomu 9 (kulomu ni kipimo cha chaji, na maikrokulomu ni sehemu yake ya milioni) na nyingine hasi ya maikrokulomu 4, zimetenganishwa kwa sentimita 10. Tafuta mahali, kwenye mstari unaozipitia, ambapo uga wa umeme, yaani nguvu ambayo kila kulomu ya chaji ingesukumwa au kuvutwa nayo, ni sifuri. Niliuita umbali kutoka kwenye chaji chanya y, nikafuata kanuni ya Coulomb, ambayo hugawanya chaji kwa mraba wa umbali, nikaandika 9/y² = 4/(y − 10)², nikapanua mabano na kupanga upya hadi nikafikia y² − 36y + 180 = 0. Mlinganyo huo una majibu mawili, 6 na 30. Tangu shule ya upili nilikuwa nimezoea kwamba mlinganyo wa namna hii hutoa jibu moja hasi, ambalo hutupwa kwa kuwa umbali hauwezi kuwa hasi, na linalosalia ndilo jibu. Hapa yote mawili yalikuwa chanya. Nikachagua lile lililoangukia katikati ya chaji, kwa kudhani kwamba mahali pa usawa sharti pawe kati ya wanaoshindana.

Dhana hiyo ni ya kweli kwa chaji mbili zenye alama moja. Zinapokuwa na alama tofauti, haishiki hata kidogo, na mfano ninaoutumia siku hizi kumweleza mtu ni wa steji za Barabara ya Ronald Ngala saa za jioni. Abiria amesimama kati ya matatu mbili. Makanga wa ile iliyojaa anamsukuma atoke mlangoni, na makanga wa ile iliyo tupu anamvuta kwa mkono aingie. Hata kama makanga hao wana nguvu sawa kabisa, abiria hatabaki pale alipo, kwa sababu msukumo na mvuto vyote vinampeleka kwenye matatu tupu.

Ndivyo ilivyo kwa chaji ndogo chanya ukiiweka kwenye sentimita 6 yangu. Chaji ya maikrokulomu 9 iko nyuma yake ikiisukuma, na ile ya maikrokulomu 4 iko mbele, sentimita 4 tu, ikiivuta. Kila moja inatoa uga wa takriban nyutoni milioni 22.5 kwa kila kulomu, na kwa kuwa mwelekeo ni mmoja, jumla yake ni milioni 45. Nilikuwa nimeulizwa mahali pa sifuri, nami nikapeleka mahali ambapo hewa ya kawaida ingepasuka kwa cheche, maana hewa huanza kushindwa kuhimili uga unapofikia takriban milioni 3. (Watunga maswali hawajali hilo, chaji zao hazipigi cheche kamwe.)

Kwenye sentimita 30 mambo ni tofauti. Mahali hapo pako nje, upande wa chaji ya maikrokulomu 4, sentimita 20 kupita chaji hiyo. Chaji kubwa iko mbali zaidi, na umbali huo ndio unaoufidia ukubwa wake. Kila moja inatoa uga wa laki 9, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, kwa mielekeo inayokinzana. Upande wa pili, nyuma ya chaji kubwa, usawa hauwezekani, kwa sababu huko aliye mkubwa ndiye pia aliye karibu.

Kwa hiyo hesabu haikunidanganya. Ilijibu swali nililoliandika, ambalo lilikuwa hili: ni wapi ukubwa wa nyuga mbili unalingana? Mraba wa umbali haujali upande, na mlinganyo wangu haukuwa na mahali popote panapotaja mwelekeo. Siku hizi nachora mstari kwanza, naweka mishale miwili katika kila sehemu kati ya zile tatu, na kufuta sehemu ambazo mishale inaelekea upande mmoja. Hapo ndipo natafuta kipeuo cha pili cha pande zote mbili, 3/y = 2/(y − 10), na jibu linatoka moja tu. Alama za chaji siziingizi kwenye kanuni ya Coulomb hata kidogo. Kazi yake imekwisha katika mishale.

Kosa la vipimo linahitaji maneno machache tu. Ukiulizwa kani, yaani nguvu ya kuvutana, kati ya chaji hizohizo mbili na ukasahau kugeuza sentimita 10 kuwa mita 0.1, utapata jibu dogo mara 10,000 kuliko nyutoni 32.4 zinazotakiwa. Mimi hulinganisha na unga: nyutoni 32 ni zaidi kidogo ya uzito wa pakiti moja na nusu za kilo mbili.

Jana usiku mwenzangu wa chumbani, ambaye anasomea uhasibu na husikiliza haya yote bila kupenda, aliuliza itakuwaje chaji zikiwa 4 chanya na 4 hasi. Nilichora mishale. Katikati ikaelekea upande mmoja. Nje, pande zote mbili, ilikinzana, lakini chaji iliyo karibu ilishinda kila mara. Nikaandika mlinganyo ili kuhakikisha: 2/y = 2/(y − 10), yaani y = y − 10, yaani 0 = −10. Aliitazama karatasi, akasema kwamba kwao hesabu isiyolingana hivyo humfanya mtu alale ofisini.