Baba alisema ndiyo, mimi nikasema hapana

Juzi nilikuwa Holili napanga foleni ya hati ya dharura, nivuke Taveta nikaonane na mteja wa vitunguu. Kijana aliyekuwa mbele yangu alikuwa analalamika kwa sauti: Mkenya anaingia Uganda na kitambulisho chake cha taifa tangu 2014, Mnyarwanda vilevile, sisi tuna vya NIDA mfukoni na bado tunajaza fomu. "Hivi nani alikataa?" akauliza, hakuna aliyemjibu. Nikatazama viatu vyangu. Mmoja wa waliokataa alikuwa nyuma yake.

Ilikuwa 2007. Kamati ya Profesa Samuel Wangwe ilikuwa inakusanya maoni nchi nzima: je, tuharakishe Shirikisho la Afrika Mashariki, ifikapo 2013 tuwe nchi moja yenye rais mmoja? Nilikwenda ukumbini na baba. Nikanyoosha mkono, nikasema ardhi. Huku kwetu Kilimanjaro kihamba, shamba la ukoo, kinagawanywa mpaka mtoto wa mwisho anabaki na migomba kumi. Nikawaambia mkifungua mpaka, mwenye fedha za Nairobi atanunua hadi makaburi yetu. Nilipigiwa makofi mengi, na sitaficha, nilijisikia vizuri.

Baba akasimama baada yangu, akasema ndiyo. Ukumbi ukanyamaza.

Baba alikuwa karani wa reli Nairobi, enzi za shirika la pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 na mpaka ukafungwa, alirudi Moshi na sanduku moja la bati na saa ya mkononi. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuchukia muungano, ni yeye. Njiani nikamuuliza, baba, umesahau? Akasema, "Sijasahau. Wewe ndiye hujui kilichoua ile." Kwa hesabu yake, tulikuwa na reli moja, posta moja, ndege moja, na serikali tatu zinazovutana. Amin alipompindua Obote 1971, Mwalimu hakukubali kukaa naye meza moja, na marais watatu hawakukutana tena. Nani angeamua mabehewa yaende wapi? "Nyumba tulijenga, paa hatukuezeka," akasema. Akanikumbusha kwamba Mwalimu huyohuyo, 1960, alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili tuungane na Kenya na Uganda. Yaani tulianza tukiwa mbele ya wenzetu wote, tukaishia kuitwa wazito.

Wengi walisema kama mimi: shirikisho lije, ila taratibu. Agosti ile marais wakakutana Arusha, wakakubali twende hatua kwa hatua. Nikaona tumeshinda. Itifaki ya Soko la Pamoja ilipotiwa saini Novemba 2009, mambo ya ardhi yakaachiwa sheria za kila nchi, na kwa hilo bado najipongeza, sitaomba radhi.

Lakini 2013, mwaka ambao tulikuwa tuwe na rais mmoja, Kenya, Uganda na Rwanda walikutana Entebbe bila sisi, wakaanza mambo yao ya reli na vitambulisho. Novemba Rais Kikwete alilazimika kulieleza Bunge kwamba Tanzania haitoki kwenye Jumuiya iliyofufuliwa. Baba alisikiliza hotuba yote redioni, akazima, akaniambia, "Hutoki, lakini huingii pia. Unasimama mlangoni unazuia upepo."

Miaka minne baadaye marais wakaja na jambo jipya, shirikisho lililolegea kwanza, ndilo la kweli lifuate. Baba hakuliona hilo. Nadhani angecheka.

Yule kijana alipata hati yake, akaondoka. Yangu niliipata saa nne na nusu. Nilipofika Taveta mteja alikuwa ameshachukua mzigo wa Loitokitok.